Miche Sitini ya Sabuni na Maana ya Mlanguzi

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Redio imesema mlanguzi atapigwa risasi. Chini ya kitanda changu kuna miche sitini ya sabuni inayongoja kuadimika. Je, mimi Ogwal ni mlanguzi? Redio haikusema! Lazima nipate maana itakayoniacha nje. Bibiane, jirani yangu muuza mkaa, kanishauri niiuze yote leo kwa bei ya serikali. Wivu tu.

Jumanne, 2 Septemba
Mwalimu Ambroise kasema mlanguzi ni mfanyabiashara afichaye bidhaa ili bei ipande. Safi! Nimeng'oa kibao cha duka langu. Sasa mimi si mfanyabiashara. Mwalimu kaondoka na mche mmoja.

Jumatano, 3 Septemba
Balaa. Karani wa mtaa hajali nia ya mtu. Yeye ana orodha: mlanguzi ni aliyekutwa na zaidi ya magunia mawili ya chumvi au miche kumi ya sabuni. Kachukua miche miwili kwa kunisomea. Nimeshinda nikikata iliyobaki kwa uzi. Orodha haitaji vipande!

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemuuliza Afande Otema, koplo wa kambi ya jeshi ya Mbuya, eti kwa niaba ya rafiki. Hakueleza neno. Mzee Abdu wa chumvi alikuwa akipita. Otema akamnyooshea kidole, akasema mlanguzi ni yule. Wanajeshi wenzake wamemtia garini. Mkewe analia hadi sasa. Mungu wangu! Kwa kidole najikinga vipi? Nimeandika kwenye boksi, nikatundika mlangoni: "Vipande 570 vya sabuni vilivyo chini ya kitanda si vya mlanguzi. Maana kamili aulizwe Mwalimu Ambroise."

Ijumaa, 5 Septemba
Wanajeshi wamelisoma. Wamebeba sabuni, kisha kidole cha Otema kikanigeukia. Bibiane akapiga magoti kwenye tope, akamwambia afande kwamba mlanguzi huficha, na Ogwal kaandika mlangoni. Huyu ni mjinga tu, akasema. Walicheka sana. Wakaniacha.

Jumamosi, 6 Septemba
Abdu hajarudi. Sina sabuni, sina duka, nimelia kama mtoto. Lakini mjinga? Kwa maana ipi? Mbele ya mtaa mzima! Nimepata boksi jingine la kuandikia maana ya mjinga. Jumatatu naenda Mbuya, Afande Otema anitilie sahihi kwamba katika wajinga simo.