Kamba za Dirisha la Kijino

Jumatatu, 3 Juni

Habari njema na habari ya kuudhi, zote kabla ya chai kupoa. Binti yangu anakwenda kozi ya kazini wiki ijayo, siku tano. Mumewe yuko safarini. Kijino, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na miezi minane, lazima alale kwa bibi. Bibi yupi? Hapo ndipo penye kazi. Kuna mimi, fundi cherehani kwa miaka arobaini sasa. Na kuna Nesi, mama mkwe wa binti yangu, muuguzi mstaafu anayejua kila kitu na kukisema polepole.

Nimemwonyesha binti chumba. Shuka mpya, kitanda chini ya dirisha, mwanga tele. Shuka hakuzitazama. Alitazama mapazia yangu ya vibao, yale ya kupandisha kwa kamba. Kamba zinaning'inia hadi kwenye mto. Akasema mtoto akiingiza shingo kwenye kitanzi kile, dakika chache zinatosha, na hata kulia halii, maana hawezi. Atarudi Jumamosi. Akikuta kamba bado, Kijino anakwenda kwa Nesi. Nesi ameshabadilisha mapazia yake yote, hayana kamba hata moja. Bila shaka!

Nimemwambia aniachie mimi. Kamba kwangu ni nini? Ni uzi ulionenepa.

Jumanne, 4 Juni

Nimefupisha kamba kwa mafundo. Kumi na mawili, yamelingana kama vifungo vya shati. Nikarudi nyuma kuyatazama. Raha!

Kisha nikajaribu kushusha pazia. Upande wa kushoto ukashuka, wa kulia ukagoma. Fundo limenasa juu. Pazia likakaa mshazari. Jirani mwenye redio alipita nje akauliza kama nyumba inatitia. Nimemjibu kwamba huo ndio mtindo. Nimefungua mafundo hadi jioni. Kucha mbili zimekwenda.

Jumatano, 5 Juni

Akili ni mali. Tatizo si urefu wa kamba, ni kuzagaa kwake! Nimeshona mfuko mdogo wa buluu. Kamba inakunjwa ndani, mfuko unatundikwa kwenye msumari ukutani. Nimeupamba kwa vifungo vyekundu, vya njano, na kimoja chenye umbo la bata. Ulipaswa kukaa juu kabisa, ila bega langu siku hizi haliinuki, kwa hiyo msumari uko usawa wa kiuno. Panatosha.

Nimempigia Nesi simu, salamu tu. Kwa bahati nikautaja mfuko. Akasema hongera, mwenzangu, ila watoto hupenda vitu vya rangi. Akauliza pia kama nimeshakiondoa kitanda dirishani. Wivu huo! Nimemwambia kitanda kinataka hewa.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi wa madirisha alikuwa kwa jirani. Nimemwita, si kwa kazi, kwa maoni. Nilitarajia sifa. Akautazama mfuko, akakitazama kitanda, akajikuna kidevu. Akasema, mama, kushona umeshona, lakini kamba bado ipo. Dawa ni kuling'oa pazia lote na kuweka lile la kupandisha kwa mkono. Anayo ya kipimo changu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nimempa chai, nimemwambia nitafikiri.

Sijafikiri.

Jumamosi, 8 Juni

Kijino ameingia chumbani. Hakuniona mimi. Ameona bata. Akapanda kitandani kwa magoti, akavuta mara moja tu. Msumari ukatoka, mfuko ukafunguka, kamba yote ikamwangukia mapajani. Akacheka kwa furaha.

Binti akamnyakua. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Akachukua mwanasesere wa Kijino, akamvika kitanzi shingoni, akamwachia. Mwanasesere akaning'inia, miguu haigusi mto. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza hali ya hewa.

Nimeogopa. Nikakaa sakafuni. Siku tano nimekaa nikimtengenezea mjukuu wangu njia ya kuifikia kamba, tena nikaipamba. Nimelia mbele ya binti yangu. Nimemwambia ampeleke kwa Nesi, ni haki. Binti akakaa sakafuni nami, akasema, mama, mimi nataka alale kwako. Kwani kumwita fundi ni aibu gani?

Fundi akaja saa tisa. Aling'oa yote na kuweka mapya, laini, unasukuma kwa mkono yanapanda, hayana kamba mbele wala nyuma. Akasogeza kitanda ukuta wa pili, na kiti pia, mtoto asipate ngazi ya kufika dirishani. Nusu saa! Binti akajaribu kila dirisha mara tatu. Kisha akasema Kijino atalala hapa. Nimemkumbatia fundi. Ameshtuka.

Nimeapa: kuanzia leo, jambo la usalama wa mtoto namwachia anayelijua.

Jumatatu, 10 Juni

Kijino yupo! Binti amemleta asubuhi na mkoba wa nepi, kozi yenyewe inaanza kesho. Atapita saa kumi kumbusu kabla ya safari. Nesi amepiga simu, ameyasifu mapazia. Nimemwambia kazi niliisimamia mwenyewe, fundi alishika bisibisi tu.

Saa nane mtoto amegundua droo za kabati langu la kazi. Pini! Nyembe! Nikakumbuka kiapo, nikanyanyua simu kumwuliza fundi kama ana vizuizi vya droo. Halafu nikaona haya kumsumbua mtu kwa jambo dogo. Nikatia kila chenye ncha ndani, mkasi pia, nikafunga vishikio vyote kwa utepe wa hariri, mita mbili, na upinde mkubwa katikati. Ncha zake zinafika sakafuni. Umependeza ajabu.

Saa tisa na nusu. Kijino ameuona utepe. Nimekimbilia kuufungua kabla mama yake hajaja. Fundo limekataa, nina mkono mzuri mno. Ukate basi! Mkasi umo ndani ya droo.

Haidhuru, nimepata wazo. Nimelifunika kabati zima kwa kitambaa cha meza, kile kirefu chenye nakshi. Hakionekani kitu. Mlango unagongwa, na Kijino ameanza kukivuta.