Tikiti la Bwana Numajiri

Jumanne, 8 Julai. Rumoi

Nimekuja pwani peke yangu kutafuta utulivu. Dukani kwangu Asahikawa niliwaaga wote: mimi Hatanaka nataka bahari, kigari changu cha kulala na kimya. Kambi ya bure, bomba lipo, choo kisafi. Utulivu umedumu mpaka saa kumi jioni.

Ndipo akaja Bi Ukita. Mjane, jiko la mkaa, kijibwa kinachoitwa Mame. Akaniuliza kama upepo wa hapa hugeuka jioni. Nikasema hugeuka. Sijui lolote kuhusu upepo. Akacheka! Naye anapanda kaskazini taratibu, kambi kwa kambi, Jumamosi anavuka kwa feri kwenda kisiwa cha Rishiri, kukaa kwa dada yake. Basi kabla ya Jumamosi lazima nialikwe kula kwenye moto wake. Tangu mke wangu aondoke nakula tambi za kikombe nikitazama ukuta. Imetosha.

Halafu akaja Numajiri. Mstaafu wa posta, pikipiki, hema lililonyooka utadhani limepigwa pasi. Akalisimika katikati yetu. Nafasi yote hii, yeye katikati. Akaniletea nyanya tatu, akainama, akaomba tuwe majirani wema. Bi Ukita akasema huyo kweli kalelewa. Mimi malezi yangu hakuna aliyewahi kuyasifia.

Jumatano, 9 Julai. Haboro

Tumehama sote watatu, na Numajiri kajibandika katikati tena.

Nina mpango. Zawadi hurudishwa kwa zawadi, hilo hata mtoto analijua. Unarudisha ya kiasi kilekile, au pungufu kidogo, watu waishi kwa amani. Ukirudisha kubwa kupita kiasi, umemtwisha mwenzako mzigo wa aibu. Hatapata raha. Atakunja hema aondoke zake.

Nimemnunulia tikiti maji. Lile la kwenye sanduku, lenye utepe. Kwa nyanya tatu! Uso ulimbadilika. Akasema jamani kaka Hatanaka, hii sasa umezidisha. Nikamwambia wala, kitu kidogo tu. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Jioni nimeliona tikiti langu mezani kwa Bi Ukita, limekatwa vipande vizuri. Numajiri kakaa pembeni, anatema mbegu kwa adabu. Hangelimaliza peke yake, kwa hiyo kamgawia jirani. Yaani nimemlipia mwenzangu mahari.

Baadaye akanigongea na sahani ya kombe za baharini za kuchoma, siagi bado inachemka. Akaanza, kaka, hizi ujue zime... Nikashukuru, nikainama, nikafunga mlango wa gari. Sili makombo ya karamu ya watu. Nimewapa kunguru. Zilinukia vizuri mno, na roho imeniuma.

Alhamisi, 10 Julai. Shosanbetsu

Kosa lilikuwa utamu. Nimempa kitu kisichogawika: samaki wa kuvundikwa kwenye chumvi na pumba za mchele, wa zamani, wa kunuka. Akimpelekea mwanamke kitu kile, kajimaliza mwenyewe.

Akampelekea. Bi Ukita akafungua, akanusa, akalia. Kumbe marehemu mumewe alikuwa akila samaki huyohuyo kila asubuhi, juu ya wali uliomiminiwa chai. Numajiri akampa leso. Safi, imekunjwa pembe nne. Nani anasafiri na leso kwenye pikipiki? Kwa wivu nimeziacha tambi zivimbe kikombeni.

Kisha huyooo, na mahindi ya kuchoma yaliyopakwa mchuzi wa soya. Kaka, ngoja kwanza nikwambie... Nikainama. Nikafunga. Kunguru siku hizi wananisubiri juu ya gari.

Ijumaa, 11 Julai. Teshio

Bi Ukita kaja mwenyewe mlangoni, na Mame, na hasira. Akaniuliza kama mapishi yake ni mabaya kiasi hicho. Mapishi gani? Kombe, baba. Mahindi. Zilikwenda wapi, maana jirani wa kambi ya jana kamwambia aliona kunguru wakila?

Kunguru mmoja akatua hapohapo, karibu na kiatu changu, akanitazama kwa matumaini.

Kumbe Numajiri alimweleza tangu mwanzo kwamba tikiti ni la Hatanaka, na samaki pia. Bi Ukita akarudisha, kama ipasavyo. Alimtuma Numajiri kwa sababu mlango wangu umefungwa saa zote. Na kila sahani ilikuja na mwaliko: njoo tule wote. Ndiyo yale maneno niliyokuwa namfungia nje.

Nilitamani ardhi inimeze. Akanihurumia. Akasema kesho mchana, bandarini, kabla ya feri, nikale naye. Nije mikono mitupu. Mikono mitupu baba, umenielewa? Nimemwelewa. Nimeimba nikipiga mswaki.

Jumamosi, 12 Julai. Wakkanai

Mikono mitupu. Kila mwenyeji husema hivyo, ni adabu tu. Mjinga ndiye huenda mikono mitupu kweli. Na Numajiri, mtu wa leso, angekosa kubeba kitu? Nikaenda sokoni kutafuta kaa. Sikutaka wa kwenye barafu, nikataka aliye hai. Foleni. Kisha achemshwe. Kisha afungwe vizuri, maana karatasi ya kwanza ilikunjamana.

Nilipofika moto umezimwa, feri imekuwa nukta baharini. Numajiri anaosha sufuria. Alikwenda mikono mitupu kabisa, bila haya. Akasema mama wa watu alisimama pale mpaka honi ya mwisho, anaangalia barabara. Kaniachia tonge la wali lenye samaki ndani, limefungwa kwa mwani, bado lina joto. Nililila nimesimama. Machozi yalinitoka, na sikuwa na leso.

Numajiri akaniazima yake. Akasema kesho asubuhi anavuka, nyumba ya dada mtu iko nyuma tu ya bandari ya kisiwani, na Bi Ukita kasisitiza twende wote. Na tonge lile, tafadhali, lisirudishwe.

Lisirudishwe! Mimi nimelelewa.

Kaa nimempa Numajiri, kwa ajili ya leso. Uso ulimbadilika tena, nikafurahi. Mkubwa vile, peke yake hammalizi. Amemfunga nyuma ya pikipiki, tayari kwa feri ya asubuhi.

Mimi ya asubuhi siiwezi. Duka la matikiti linafunguliwa saa nne.