Yahusu Kupunjwa Miaka Yangu ya Kuishi

Ndugu Mkurugenzi wa Udhibiti wa Magonjwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umechanjwa na umeketi kwenye kiti kizuri. Mimi si mzima sana, sijachanjwa, na kiti ninachokalia mguu wake mmoja umeungwa kwa waya, lakini sikuandikii kwa ajili ya kiti.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Katika utumishi wangu nilikuwa nikiingia sokoni na mawe yangu ya serikali, na wauza nyama wakiniona tu wanakumbuka ghafla kwamba mizani yao inahitaji kufutwa. Najua sura ya kupunjwa. Ndiyo maana nakuandikia, kwa heshima zote, kukujulisha kwamba ofisi yako inanipunja.

Anayenipunja ni mtaalamu wako wa modeli za hisabati, yule mwanamke mwembamba mwenye miwani anayekadiria homa ya mapafu itamkamata nani na lini. Namfahamu vizuri kwa kuwa ni mke wa mwanangu na tunaishi nyumba moja. Huko kwako anaitwa Daktari, ingawa hajawahi kumpima mtu hata joto. Huku nyumbani ananiita Baba, ananitengea maji ya kuoga, kisha anafungua kompyuta juu ya meza ya chakula na kunipanga mwisho wa foleni ya chanjo.

Chanjo zilizofika, kama unavyojua, hazitoshi. Modeli yake imesema waanze watoto wa chini ya miaka mitano, na sisi wazee tusubiri awamu ya pili, ambayo tarehe yake bado inatafutwa. Nilimwomba anieleze sababu. Alinieleza kwa upole, akipanga vikombe vya chai mezani, na kadiri alivyozidi kuwa mpole ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mwaka wangu haujai mwaka. Nimeelezwa kuwa wataalamu wenu wa uchumi wa afya hawahesabu watu watakaookolewa, wanahesabu miaka itakayookolewa, tena kila mwaka unapimwa ubora wake. Kwa kuwa nina goti bovu, na sikio langu moja lilistaafu pamoja nami, mwaka wangu mmoja umeandikwa kuwa ni robo tatu ya mwaka. Ndugu Mkurugenzi, niliwahi kumfungia duka muuza sukari kwa upungufu mdogo kuliko huo. Mimi mwaka nauanza Januari na kuumaliza Desemba kama watu wengine. Sishuki njiani mwezi wa tisa.

2. Kwamba mshindani wangu hana uzoefu. Katika nyumba yetu aliyependelewa ni mjukuu wangu, msichana wa miaka miwili, ambaye kwa bahati tu ni binti wa huyo huyo mtaalamu. Sisemi kitu, nataja tu. Mtoto huyu amekadiriwa kuwa na miaka zaidi ya sitini mbele yake. Imethibitishwa na nani? Mimi nimeishi miaka sabini na mmoja mfululizo bila kukosa hata mmoja. Yeye ana miwili, na wa kwanza aliumaliza kwa kulia. Ungekuwa unaajiri dereva wa gari la ofisi, ungemchukua yupi kati yetu?

3. Kwamba hata kanuni zenu wenyewe hazifuatwi. Nimeambiwa kwamba faida iliyo mbali hupunguzwa thamani, yaani mwaka utakaokuja ni mwepesi kuliko huu tulio nao, na kadiri unavyokuwa mbali ndivyo unavyozidi kuyeyuka. Hapo nilifurahi sana. Miaka ya mjukuu wangu karibu yote iko huko mbali inakoyeyuka, na yangu yote iko hapa hapa, mibichi. Nilipomweleza mkwe wangu hoja hii, alisema nimeielewa kanuni kuliko wanafunzi wake, ila hata ikishapunguzwa, miaka ya mtoto bado inanizidi. Pongezi zake nimezikataa.

4. Kwamba nimetumiwa vibaya nikiwa nimenuna. Hili ndilo lililoniharibia jina mtaani, kwa hiyo naomba ulisome taratibu.

Mwaka jana walipita vijana wenu na dodoso, wakiuliza kila mtu ameongea au kukaa karibu na watu wangapi tangu jana yake. Kwetu walifika siku ambayo mtu mmoja wa nyumba hii, mfupi, mwenye mikono ya majimaji, alikuwa ameitumbukiza redio yangu kwenye ndoo, na nyumba nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimeapa kutosema na kiumbe. Nilipoulizwa nimekutana na watu wangapi, nikajibu: hakuna. Mhojaji akauliza kama hata familia sikukutana nayo. Nikamwambia familia ndiyo hasa. Akaandika sifuri, akanishukuru, akaondoka, wala hakujihesabu yeye mwenyewe, ambaye nilikuwa nimeongea naye muda wote huo.

Kumbe wazee wengine wa eneo letu walikataa kuhojiwa, au walijifanya wamelala. Sifuri yangu ikabeba mzigo wa wote. Modeli ikahitimisha kwamba wazee wa hapa hawakutani na mtu, kwa hiyo hawaambukizwi sana wala hawaambukizi, kwa hiyo wanaweza kusubiri. Wenzangu wa drafti, ambao tunapumuliana usoni tangu asubuhi hadi jua linazama, wamerudishwa nyuma ya foleni kwa sababu mimi nilinuna. Na wameshajua. Kinyozi mstaafu, rafiki yangu tangu ujana, sasa anacheza na mkwewe asiyejua hata kusogeza kete, ili mradi asikae na mimi. Inaniuma, sifichi.

Mkwe wangu anasema kosa lile alilisahihisha zamani, na foleni haikubadilika hata kidogo. Siwezi kukubali kwamba hasira kubwa namna ile haikubadilisha chochote.

5. Kwamba nimekabidhiwa kwa mlinzi asiyefaa. Nimeambiwa nisiwe na wasiwasi, maana watoto ndio wanaotuletea vijidudu kutoka puani mwao, na wakichanjwa wao, sisi wazee tutakingika humo humo. Yaani usalama wa aliyekuwa mkaguzi wa serikali umewekwa mikononi mwa mtu anayelamba miguu ya meza. Mtu huyu amenikoholea kwenye kikombe, machoni, na siku moja, kwa makusudi kabisa, ndani ya lile sikio zima.

Kwa kuwa nimeambiwa modeli haiwezi kubadilishwa ili inifae, naomba basi nibadilishwe mimi. Ombi langu rasmi ni kwamba niandikwe katika daftari lenu kuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Vielelezo ninavyo. Naambiwa saa ya kulala. Nafungwa vifungo vya sweta na mtu mwingine. Chakula changu hupondwa. Wageni wakija naitwa niwaamkie, kisha naambiwa nikapumzike. Meno, mjukuu wangu ananizidi.

Naye, kwa usawa, aandikwe mzee. Anatembea kwa kushika ukuta, analala mchana, haambiliki, na kifua chake ni kibovu tangu azaliwe. Kila msimu wa baridi tunamsikia akipumua kwa filimbi chumba cha pili, na mama yake, huyo mtaalamu wa makadirio, anakaa kitandani akimsikiliza kama mtu ambaye hajui kukadiria chochote. Mkitubadilishia majina hakuna mashine itakayogundua.

Nakiri kwamba nimepokea jibu la barua yangu ya kwanza, niliyoituma kabla ya hii, ambapo kwa heshima ya utumishi wangu mliamua kuniwekea dozi moja kituo cha afya, yenye jina langu. Nitakwenda kuchomwa Jumatatu. Hata hivyo isidhaniwe kwamba nimezibwa mdomo kwa sindano. Kama ombi langu litakataliwa, naomba mawe mnayopimia miaka ya watu yaletwe kwangu niyakague, na yakipungua nitayapiga muhuri wa kuyafungia.

Nisalimie wachumi wako wote, dereva wa gari la chanjo, na yule mlinzi wa getini aliyenizuia kuingia na mizani yangu. Ukikutana na mke wa mwanangu kwenye korido, mwambie hapa tu wazima, ingawa tumeonana asubuhi.

Wako katika vipimo vya haki,

Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo

Nyongeza: Jumatatu nilikwenda. Mama wa mjukuu wangu alikuwa kazini kwako, kwa hiyo nilimbeba na mtoto, maana zamu yake iliangukia siku hiyo hiyo. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika mbele, nesi aliinamisha kasha la barafu akatuonyesha kuwa chanjo zimekwisha, imebaki moja tu iliyowekwa kando, ya mzee fulani. Mtoto alikuwa amelala begani kwangu, na ile filimbi ya kifua chake nilikuwa naisikia kupitia shati. Sikupiga hesabu yoyote. Nilimwambia nesi amchome yeye.

Nampenda yule mtoto mpaka naona haya kuandika. Kwa hiyo tafadhali yafute yote niliyosema hapo juu, ila mama yake asijue, maana atasema modeli yake ilikuwa sahihi, na mimi sitaweza kuishi naye. Nimemwambia nimechanjwa. Nimejibandika pamba mkononi na ninaugulia maumivu inavyotakiwa, naye ananiletea uji na kuniita Baba kuliko siku zote.

Kama ile tarehe ya awamu ya pili itapatikana, nijulishe kimya kimya, na isichelewe sana. Tangu jana nakohoa na kifua kinanibana. Nyumbani nimewaambia ni sindano.