Maombi ya Kumpunguzia Mwendo Mama Mkwe Wangu

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Mazoezi ya Viungo,

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa. Mimi pia nimekaa, kwa mara ya kwanza tangu juzi, na mtoto amelala mapajani. Ukiona mwandiko umepinda, ujue amegeuka.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, na ni mkwe wa yule mama wa goti la kulia. Utamkumbuka. Aliingia kwako ameshikiliwa, mwanawe upande huu na mimi upande ule, akatoka na fimbo mbili nyepesi zenye mikanda ya mkononi na vinyayo vya mpira. Miaka miwili alikuwa mtu wa kitandani na kitini. Nasema haya usije ukadhani sina shukrani. Shukrani ninazo. Nisichokuwa nacho tena ni mgongo.

Siku ile mtaalamu wako alitueleza vizuri sana. Mtu akitembea kawaida, alisema, miguu inafanya kazi yote na mikono inaning'inia tu kama wageni. Akishika fimbo mbili, mkono wa kushoto unasukuma wakati mguu wa kulia unatangulia, mabega yanasaidia, mgongo unanyooka, hatua inarefuka na goti linapunguziwa mzigo. Nikafurahi. Nikaletewa fomu: nusu saa kila asubuhi, wiki sita, mgonjwa asitembee peke yake. Nikatia saini palipoandikwa "Msindikizaji", nikijua ninayemsindikiza ni mgonjwa. Hapo ndipo mliponipata.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatua. Mimi ni fundi, sisemi bila kupima. Nilipiga mistari ya chaki ya vitambaa kwenye korido, nikatandaza tepu yangu. Bila fimbo, hatua ya mama mkwe ni sentimita thelathini na nane. Akiwa nazo, sitini na moja. Yangu mimi, nikiwa na mtoto mgongoni na usingizi machoni, ni hamsini na mbili. Kila hatua ananiacha sentimita tisa. Piga hesabu mwenyewe mpaka kituo cha mafuta.

2. Mzigo. Mtaalamu alisema mzigo unapungua gotini. Siku ile sikuuliza, nauliza leo: unakwenda wapi? Kilo haziyeyuki. Nimezifuatilia. Zimetoka gotini kwake, zikapanda mikononi, zikashuka na fimbo, zikapita chini kwa chini, zikaja kunipanda mimi kiunoni, pale anapokaa mtoto wa kilo kumi na moja anayenipiga teke nikipunguza mwendo. Nyumba yetu ilikuwa na goti moja bovu. Sasa goti ni zima, mgongo ndio mbovu. Naomba kitengo kikiri kwamba hakikutibu, kilihamisha.

3. Pumzi. Karatasi yenu inasema mwendo mzuri ni ule ambao watu wawili wanaweza kuongea huku wanatembea. Ni kweli, anaongea. Anamsalimia muuza magazeti, anamuuliza fundi viatu habari za mkewe, halafu ananigeukia: "Mbona kimya, mwanangu? Umenuna?" Sijanuna. Nahema. Juzi fundi viatu alinipigia kelele: "Dada, kaza mwendo, anakutoroka huyo!" Mtaa mzima ulicheka, na mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi.

4. Mtoto. Ana miezi kumi na sita na hajaanza kutembea. Kila asubuhi anatazama kutoka mgongoni kwangu jinsi bibi yake anavyokwenda, na ameshaamua kwamba mtu huenda kwa miguu minne. Ukimsimamisha, ananyoosha mikono yote miwili akisubiri apewe zake. Ukimpa kidole anakisukuma. Anachokubali ni miiko miwili ya jikoni, na haiachii. Jana mboga nimekoroga kwa kijiko cha chai.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ile nusu saa imekuwa saa moja na robo, kwa sababu mama hageuzi mpaka mwili "ukolee". Yeye ndiye anayebaki na mtoto nikienda kazini, kwa hiyo asiporudi, sitoki. Nimechelewa mara tatu. Mwenye karakana amenionyesha binti aliyekaa kwenye benchi la mlangoni, na mkasi wake kabisa mkononi. Jumatatu nikichelewa tena, cherehani yangu ni yake. Cherehani hiyo ndiyo iliyomnunulia mtoto viatu, ingawa, kama nilivyoeleza, hana haraka navyo.

Utauliza kwa nini simwambii mwenyewe. Ndugu Mkuu, wewe una mama mkwe? Nimtazame mama aliyekuwa akitoa machozi kuvuka kizingiti cha bafu, leo anapanda kilima cha shule anapiga mluzi, nimwambie, "Mama, punguza"? Kwa mdomo upi? Nilijaribu njia ya heshima. Alipokuwa anaoga, nilizifupisha fimbo vidole vinne. Akainama mbele kama anafuata mwizi, akaongeza mwendo. Tuliporudi akasema, "Leo zimenikubali hasa."

Kwa hiyo naomba mumwambie ninyi, kwa barua yenye muhuri, kabla ya Jumatatu. Arudishe fimbo moja, maana mtaalamu alisema mwenye moja huegemea upande, na anayeegemea hafiki mbali. Ikishindikana, abaki nazo zote ila azibebe kwapani. Na hilo likiwa gumu, mfungieni kidhibiti mwendo kama cha mabasi.

Nisalimie wataalamu wote, na dada wa mapokezi. Nisalimie pia yule mzee wa bega tuliyekaa naye kwenye foleni. Mwambieni mkwewe anitafute kabla hajatia saini chochote.

Wako nyuma kabisa, ninakuja,
Msindikizaji

Nyongeza: Nilitoka kuanua nguo, nikaiacha barua mezani. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amevaa miwani na ameshafika kwenye kidhibiti mwendo. Nilitamani ardhi ipasuke. Alicheka mpaka akashika goti, tena lile zima tangu zamani. Kisha akarudi kwenye namba tano. "Kazi inakuponyoka, nawe unanifuata nyuma kimya kimya?" Nikamwambia, ningesemaje, mama, na pumzi sina. Akaitafuta ile fomu, akahesabu kwa vidole. Wiki sita ziliisha Alhamisi iliyopita. Jumatatu anatoka peke yake alfajiri, na saa moja kamili atakuwa mlangoni kumpokea mtoto.

Halafu akazifupisha fimbo mpaka mwisho, akampa mjukuu. Mtoto akazishika katikati, akaenda hatua sita hadi mlangoni, mkono wa kushoto na mguu wa kulia, kama mlivyofundisha, ndipo akaketi kwa kishindo.

Basi msichukue kitu. Barua hii anakuleteeni mwenyewe, kwa kuwa anaishinda posta. Mpeni jozi mbili zaidi. Kutoka sakafuni hadi kiwiko changu ni sentimita mia moja na mbili. Cha mtoto ni arobaini na tano, lakini acheni upindo, bado anakua.