Karatasi ya Mwisho ya Mjomba Tarumbeta

Mzee Stempu aliingia kijiweni kwa Mama Birika, pale Bulyaga, Tukuyu, ameikumbatia bahasha ya kaki chini ya koti kama mtu aliyebeba kifaranga mvuani. Hakusalimia. Alisimama mbele ya benchi, akakohoa kile kikohozi chake cha dirisha la posta, akatoa taarifa:

"Fungu la tano limewasili. Kutoka Njombe. Muhuri wa juzi."

Vikombe vyote vikashuka mezani kwa pamoja.

"Usituzingue, mzee," alisema Breki.

"Ningekuzingua nimelowa hivi?"

Huyo Breki jina lake la ubatizo ni Meshaki, dereva wa bodaboda kutoka Isongole, na aliitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haikuwahi kuwa nazo. Pembeni yake alikaa Sindano, yaani dada Hellen, muuguzi aliyepangiwa kazi Kisondela kutoka kwao Musoma, ambaye ulimi wake ulichoma kuliko vifaa vyake. Na karibu na jiko, penye joto, alikaa Bibi Tulinagwe na kikapu chake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

Miezi mitano alikuwa akiingoja bahasha hiyo.

Ndani yake hamkuwa na hati ya shamba wala majibu ya hospitali. Mlikuwa na kipande cha kitabu. Kitabu chenyewe kiliitwa Posa Sita za Mjomba Tarumbeta, na Bibi alikipata kanisani siku ya mavuno, kwenye mnada, kwa mkungu mmoja wa ndizi. Ni habari za mzee mmoja mnene, mpiga tarumbeta, aliyeapa kumwoa mjane aitwaye Bi Staha. Akapeleka posa mara tano, na mara tano kaka za mjane wakamkimbiza hadi barabarani. Siku ya kwanza Bibi alisoma kurasa tatu, akacheka mpaka maziwa yakafurika mekoni yakazima moto. Siku ya pili watu wanne walikuwa wameomba kuazima.

Bibi hakujua kunyima. Alichukua kisu cha kumenyea ndizi, akakipasua kitabu mgongo, yakatoka mafungu matano. Kila fungu akalishona kwa uzi wa gunia. Wasomaji walikuwa watano: yeye mwenyewe, Breki, Sindano, Stempu, na mdogo wake Anyitike aliyeolewa Njombe. Kila mmoja alianza na fungu lake, akakaa nalo mwezi, kisha akalitia kwenye bahasha na kumpelekea anayefuata kwa posta. Kwa posta hasa, hata kama anayefuata mnakunywa chai benchi moja, maana Mzee Stempu alikuwa karani wa barua tangu ujana wake na alishikilia kwamba kitabu kisicho na anwani ni kitabu kilichopotea tayari.

Kwa hiyo ilitokea kwamba wengine walikisoma hovyohovyo. Sindano alianza na la nne. Stempu alianza na la tatu, akamaliza na la pili. Breki alianza na la tano, la mwisho kabisa. Ni Bibi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyepanga zamu, aliyekisoma kwa mpangilio, moja hadi nne, huku wenzake wote wakiwa wanaujua mwisho na yeye haujui. Miezi mitano alitembea mjini ameziba masikio. Kwenye kwaya akabadilisha kiti. Akimwona Stempu anatabasamu peke yake njiani, anavuka upande wa pili.

"Haya, Bibi," alisema Sindano. "Fungua. Ila usome taratibu, mwisho wenyewe mtamu."

"Mtamu mno," alisema Breki. "Hasa ile pikipiki."

Sindano akamgeukia. "Pikipiki gani?"

"Ya harusi. Waliyopanda."

"Harusi ya nani?"

"Nyamazeni, nyie," alisema Bibi, akavuta kitenge masikioni na kuanza kuimba tenzi puani.

"Breki, umelewa? Hakuna harusi pale. Yule mama anamkataa mara ya sita, anaenda kusomea ukunga."

"Ukunga? Dada, acha kutupiga fiksi. Walikula pilau, wakapanda pikipiki mpya, wakasepa zao."

"Samahani," alisema Stempu, amenyoosha kidole kama mwenyekiti. "Wote mnapotosha. Mjomba anapokea barua. Rasmi. Ya kukubaliwa."

Tenzi zikakatika. Bibi akashusha kitenge taratibu. Mtu huziba masikio asisikie jambo moja. Hapa alikuwa ameshasikia matatu, na hayakukaa chungu kimoja.

"Gwe, wewe Stempu," alisema, "nipe hiyo bahasha."

Aliifungua kwa kucha, bila kuichana, akalitoa fungu. Uzi wake wa gunia ulikuwa palepale. Alifunua kutoka nyuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu darasa la nne alilokomea. Ukurasa wa mia mbili na kumi ulikuwepo. Baada ya hapo palibandikwa karatasi ya daftari yenye mwandiko wa wino wa bluu, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Bibi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno:

"'Kumbukumbu namba moja kwa sita. Yahusu: posa yako. Tunayo furaha kukuarifu kwamba Bi Staha amekubali. Nakala kwa kaka zake, wote wanne, kwa taarifa.'"

Benchi likamtazama Mzee Stempu. Mzee Stempu akatazama mvua.

"Niliboresha," alisema hatimaye. "Nilikuta karatasi ya mkono, imeandikwa kama cheti cha dawa. Nilitumia siku mbili kuisoma, na nilipoielewa nikajuta. Ukunga. Mwandishi mwenye akili zake amlee mjomba kurasa mia mbili, halafu amalizie na ukunga?"

"Una shida gani na ukunga?" alisema Sindano. "Wewe ulitolewa na nani? Na mimi sikuharibu kitabu cha mtu. Nilikuta mwandiko wa mtu anayeandika huku anaendesha. Pilau ukurasa mzima. Mara nyama, mara soda, mara pikipiki ina redio. Nikasema huu uchafu hauwezi kufika Njombe."

"Kwa hiyo ulikuta wa mkono," alisema Bibi.

"Wa mkono."

"Na kabla yako lilikuwa kwa nani?"

Breki alikuwa ameinamia kikombe chake kana kwamba anatafuta kitu kilichozama.

"Meshaki," alisema Bibi. Alipomwita kwa jina la ubatizo, hata Mama Birika aliacha kukoroga chai.

"Naam, Bibi."

"Karatasi yangu iko wapi?"

Breki akafungua zipu ya koti, akaingiza mkono mfuko wa ndani kabisa, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyochapwa, safi, isiyo na kunyanzi. Hakuitoa. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Bibi. Sikutaka ujue. Mjomba amefariki."

Mzee Stempu akavua kofia.

"Saa ngapi?" aliuliza Sindano. Kazi ni kazi.

"Kitabu hakisemi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, analetwa kwa Bi Staha, tayari. Nilisoma niko kijiweni kwetu Isongole, nasubiri abiria. Abiria akaja, mimi siinuki. Ananiuliza umefiwa na nani, nikamwambia mjomba."

"Ndiyo ule msiba?" alisema Mama Birika. "Si nilikupa pole mimi?"

"Ulinipa, mama. Ndaga fijo, asante sana."

"Nikakubebea na kande."

"Zilinisaidia sana."

"Kande zangu umemlilia nazo mtu wa kwenye kitabu?"

"Mama, kwani machozi yanajua?" Breki akamgeukia Bibi. "Nikawaza, huyu bibi amekata kitabu chake kwa kisu ili sisi tucheke, halafu mimi nimrudishie maiti kwenye bahasha? Roho ikakataa. Nikamwozesha. Nikampa na pikipiki."

Stempu, kofia mkononi, akajongea karibu na Bibi na kusema kwa sauti ya chini, ile ya kwenye mkeka wa matanga:

"Mama, si lazima. Una miisho mitatu, yote salama. Chagua mmoja, hii karatasi tuiache ipumzike."

Bibi alikuwa mtu wa kungoja. Alijua kungoja parachichi liive, alijua kungoja mvua ikatike, na mvua ya Tukuyu mwenyewe unaijua. Alijisikia moyo umekuwa mzito kwa ajili ya yule mzee mnene aliyemchekesha tangu mavuno. Ila alinyoosha mkono.

"Nimengoja mwisho wa mwenyewe aliyeandika," alisema. "Kama amekufa, nimzike mimi. Lete."

Breki akampa, akageuza uso.

Bibi akasoma kimya, kidole kikitambaa. Jeneza likaingia uani kwa Bi Staha mabegani mwa maseremala wanne. Kaka zake, walioapa kwamba Tarumbeta hatakanyaga ua ule akiwa hai, wakalifungulia lango wenyewe, wakalia kuliko wote. Bi Staha akakaa kando ya jeneza, akasema mbele ya watu kwamba angemkubali, laiti angekuja mara moja tu zaidi. Kisha akanyamaza. Akainamisha kichwa, akaweka sikio kwenye mbao. Akainuka, akakung'uta sketi, akaomba nyundo. Basi. Hapo ndipo kitabu kilipoishia, kwenye nyundo.

Kidole cha Bibi kikasimama. Akili yake ikarudi nyuma hadi fungu la tatu, kwa yule seremala, siku Mjomba alipolala ndani ya jeneza jipya kupima urefu, akaagiza matundu saba ya kupumulia, na moja kubwa zaidi upande wa kichwani, kwa ajili ya tarumbeta.

Mabega yalianza. Yalitikisika kidogo, kisha sana, kisha miwani ikateleza ikaning'inia sikio moja.

"Analia," alisema Stempu. "Nilisema mimi. Hellen, mshike."

Sindano alimshika mkono, akapima mapigo, akamwangalia machoni. "Halii huyu," alisema. "Anacheka."

"Bibi, unacheka maiti?" Breki alikuwa amesimama. Alikuwa ameumia kweli.

Bibi alikuwa amelalia kikapu chake, anapiga goti kwa kiganja, anavuta pumzi kwa mluzi kama birika. Ilipita muda ndipo akainua kichwa, macho yamelowa.

"Gwe Meshaki. Fungu la tatu ulilisoma?"

"Nililipitisha tu. Na la kwanza, na la pili, na la nne. Bahasha ikija, nabadilisha anwani, naituma. Ningechekaje na mtu ambaye najua nimeshamzika?"

"Kaa chini." Akachimba kikapuni, akatoa fungu la tatu, mojawapo ya yale yaliyokwisha kumrudia. "Soma hapo kwa seremala. Kimyakimya. Ukitoa sauti nakunyang'anya."

Breki akakaa, akasoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Stempu na Sindano walimtazama usoni kama watu wanaosubiri mpira wa penalti. Paji la uso lilikunjamana, likakunjuka. Akarudi nyuma mistari miwili. Akahesabu kitu kwa vidole, akafika saba, akaongeza kimoja. Halafu akaweka fungu mezani kwa uangalifu mkubwa, akatoka nje mvuani, akasimama kando ya pikipiki yake, na wakaona mgongo wake unatikisika huku analipiga tangi makofi.

Alirudi amelowa, ana meno yote nje.

"Nini?" alisema Sindano. "Breki, nini?"

"Siwaambii."

"Mdogo wangu," alisema Stempu, "mimi ni mtu mzima."

"Hata. Nyie mlikuwa wapi? Miezi mitano nimemlilia mjomba peke yangu, nyie mnanifutia pilau yangu. Nimemzika peke yangu, sasa namfufua peke yangu."

Sindano akaweka kikombe chini.

"Kumbe yuko hai."

Breki akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa. Stempu alikuwa amesharusha kofia, imegonga bati, imeangukia ndani ya beseni la maandazi, wala Mama Birika hakugomba, maana naye alikuwa amemkumbatia Sindano, na Sindano amemkumbatia Breki aliyelowa, wote wanapeana hongera kama waliopata mtoto.

"Na Bi Staha je?" Stempu aliuliza, anahema. "Anamkubali? Anasema nini? Bibi, hiyo karatasi iko hapo hapo mkononi mwako, nipe niione mara moja."

Bibi Tulinagwe alikuwa ameshaikunja. Aliitia kwenye ile bahasha ya kaki, akailowesha gundi kwa ulimi, akaibana kwa kiganja. Akaomba kalamu, na kwa kuwa hakuna mwingine mwenye kalamu pale, Stempu mwenyewe ndiye aliyeitoa mfukoni.

"Zamu ni zamu," alisema Bibi, huku anaandika herufi moja baada ya nyingine. "Nyie watatu mlikuwa nayo au mlichezea nafasi yake. Mwenzenu wa Njombe hana kosa. Itaanza kwa Anyitike, akae nayo mwezi wake, ndipo irudi."

Mzee Stempu akapokea bahasha, akaisoma anwani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaona Njombe ni mbali.