Nimeuza Sukari Baba Akiomba

Jamaa wa bweni letu la Kampala, leo nimeaibika mpaka masikio yakapata moto. Nawaandikia nyote barua moja. Isomeni kwa zamu, na atakayecheka atoke nje.

Mnajua niliacha ukarani bandarini nikarudi kwenye duka la Baba hapa Magongo. (Ndiyo, shahada yangu sasa inapima unga.) Mnajua pia habari za Marita wa Likoni. Leo mchana baba yake, Mzee Elisha, mzee wa kanisa, alivuka kivuko kuja kunitazama. Alikuwa na maswali mawili tu. Binti yangu atakula nini? Na huyu msomi bado anasali, au huko Kampala wamemharibu?

La kwanza Baba alilijibu kwa kumwonyesha rafu za duka. La pili akalijibu kwa kusema, "Na tuombe."

Sasa, sala ya Baba ni safari. Huanzia Edeni, hupita kwa Nuhu, Ibrahimu, Musa jangwani, na wagonjwa wa Changamwe hawatajwi kabla ya Daudi kutawazwa. Utotoni niliilalia kwenye paja la Mama, leso yake ikinukia nazi, nikaamkia kitandani. Usingizi kama ule sijaupata tena. Hata leo, mimi niliyewakeshesha ninyi kwa kuuliza Kaini alimwoa nani, sauti ile ilinilegeza.

Tumefumba macho sebuleni, pazia tu kati yetu na duka, nikasikia: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ni jirani yetu, Bi Zuhura. Nikapiga hesabu: Baba ndiyo kwanza anamtoa Adamu bustanini. Nikavua viatu, nikanyemelea. (Hufanya hivi kila siku. Kiberiti hakipiti Nuhu. Unga humalizika kwa Musa.)

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Nipe ratili ya sukari, nina wageni. Mbona wanong'ona? Kuna msiba?"

"Baba anaomba."

"Ati?"

"Anaomba!"

"Sema kwa nguvu, baba. Sikio hili limelala tangu juzi."

Nikamwelewesha kwa ishara. Akashtuka, akageuka kuondoka. "Basi nitarudi, nisije nikamkatiza mzee wa watu dua yake."

Mteja anaondoka! Nikasahau posa, nikasahau Likoni, nikapaaza sauti:

"Tulia, Bi Zuhura! Mzee bado yuko kwa Nuhu! Hata mvua haijaanza! Wataka na majani ya chai? Tuna nafasi mpaka Musa!"

Nikazamisha mikono kwenye gunia la sukari.

Kisha nyuma ya pazia, sauti ya Mzee Elisha, polepole: "Amina."

Kumbe Baba, kwa ajili ya mgeni anayewahi kivuko, leo alifupisha! (Mara ya kwanza tangu nizaliwe.) Pazia likafunguka. Mimi hapo, pekupeku, sukari mpaka kwenye viwiko.

"Wallahi mimi simo," akasema Bi Zuhura, akachukua sukari yake, akaenda zake.

Nikajua Marita nimemkosa. Nikamngojea Baba anipasue. Hakunipasua.

"Mzee mwenzangu, usimlaumu," alisema. "Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akinyemelea hivi hivi. Mimi hufungua jicho moja. Nikiona wateja ni wengi, huongeza Waamuzi."

"Huongeza?" akauliza Mzee Elisha.

"Mungu ndiye kawaleta. Niwafukuze?"

Sikulijua hilo, jamani. Nikamwona Mama akirudi mkekani, akihema, kisha akisema Amina kabla yetu sote, kwa sauti ya mtu ambaye hajaondoka. Pale kaunta nilipangusa macho nikayajaza sukari.

Mzee Elisha alinigeukia. "Marita huomba fupi sana," akasema. "Wateja mtawauzia lini?"

Baba akacheka mpaka akaketi. Mimi nikaanza kupumua. Mapema mno.

"Jumapili uje kwetu," mzee akaendelea, akivaa kofia. "Utatuombea wewe. Sisi hatuna duka, kwa hiyo utamaliza."

Basi, wabishi wenzangu, kati yenu nani anajua kuomba? Aniandikie upesi. Kucheka mtacheka baada ya harusi.