Thamani ya Mwokaji Aliyepoteza Ufunguo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetajirika. Pesa zenyewe bado hazijafika, lakini hilo ni suala la utaratibu tu.

Bosi wangu wa duka la fotokopi amechukua stoo ya jirani, duka la kompyuta lililofungwa. Akanipa katoni la takataka nikalitupe. Mwingine angelitupa. Mimi nikachungulia! Chini kabisa, maboksi mawili ya mchezo wa kompyuta: "Mwokaji Aliyepoteza Ufunguo". Picha za vidoti vidoti. Mwokaji mwenyewe ana pua ya mraba. Ni ile michezo ya enzi za kompyuta kubwa kama kabati: unasogeza mshale, unabonyeza kitu, mwokaji anakiendea polepole na kukitolea maoni.

Nikaingia kwenye kundi la wakusanyaji wa vitu adimu simuni. Boksi lilelile! Bei yake: pikipiki mpya, na chenji inabaki. Chini ya bei kulikuwa na maelezo marefu. Sikuyasoma. Jicho langu lilishanieleza yote.

Nimempa mke wangu habari. Akauliza kama hii ndiyo sababu mpya ya kutotoa makorokoro yangu kwenye chumba kidogo. Yeye hushonea wateja koridoni, na kila anayekwenda bafuni lazima aruke vitambaa. Anakitaka chumba. Mimi nakiita makumbusho. Tumekubaliana: Jumapili wakusanyaji wanakutana kwenye ukumbi wa maktaba, na mthamini atakuwepo. Akitaja bei ya pikipiki, makumbusho yanabaki. Asipoitaja, cherehani inaingia. Nimekubali haraka sana. Karibu nimwonee huruma.

Jumanne, 5 Machi

Tatizo dogo. Boksi ni jipya mno. Limefungwa nailoni, linang'aa, pembe zimesimama wima. Nani ataamini kuwa ni la kale? Kitu cha kale kinatakiwa kichoke, kama mimi nikitoka kazini. Tena nyuma pamechapwa mwaka, mwaka wa juzijuzi! Kosa la kiwandani, bila shaka. Nafanya kazi ya fotokopi, najua mashine zinavyokosea.

Nailoni nikaichana. Ilitoa mlio mtamu. Mwaka nikaukwangua kwa wembe. Hakuna atakayenishukuru, lakini leo nimeirekebisha historia.

Boksi la pili nalo lilinisumbua akili. Kitu adimu kikiwa na pacha, uadimu uko wapi? Nikamkumbuka Fundi Saa, mwenye kibanda mkabala na duka letu. Anajiita mkusanyaji kwa sababu ana gramafoni moja isiyolia. Huyu ndiye aliyenicheka mbele ya wateja wangu siku kiti kimoja cha makumbusho yangu, cha kifalme, kilipovunjika nikiwa nimekikalia. Nikampelekea boksi lile, jipya vilevile, na nailoni yake. Akanipa kandili yenye kioo kilichopasuka. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia, chukua fundi, ujirani ni kusaidiana. Maskini! Akaniongezea na soda.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya chai. Nimechemsha sufuria nzima na kulipaka boksi kwa brashi yangu ya kunyolea. Limetoka na rangi ya hudhurungi ya kupendeza, kama barua za babu. Pembe nikazipiga msasa. Nilisimama mbali kidogo nikajipongeza kwa sauti.

Nililianika kwenye kamba, kati ya kazi za mke wangu. Tone likaangukia gauni jeupe la mteja. Mke wangu akalitazama doa, akaweka mkasi chini. Nikamwambia doa linaipa nguo heshima. Hapo akasema. Hayo sitayaandika.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamua kuucheza mchezo wenyewe kwenye kompyuta yangu ya chumba kidogo, ili Jumapili nizungumze kama mjuzi. Mwanzo nilienda vizuri. Kisha nikakwama getini. Bata bukini kasimama pale, hampishi mwokaji. Nikampa mkate. Nikamrushia unga. Nikambonyeza bata kila mahali. Kila nikijaribu, mwokaji ananijibu kwamba hadhani hiyo ni busara. Mwokaji wa vidoti ananifundisha busara!

Mke wangu akapita na pini mdomoni. Akasema bata ana baridi, mvalishe kofia ya mwokaji. Upuuzi mtupu. Nilisubiri aende jikoni ndipo nikajaribu. Geti likafunguka! Aliporudi nikamwambia nimegundua mwenyewe. Hakubisha. Alibaki amesimama nyuma ya kiti changu, mkono begani mwangu, mpaka mboga ikaungua, na tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ilikuwa jioni nzuri, nakiri. Ila akishaanza kuzoea chumba hiki, itakuwa taabu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimenyoosha shati. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo ya kushangaa mthamini atakapotaja bei. Kushangaa kwa kiasi, kama mtu aliyezoea. Nimempitia Fundi Saa kibandani nikamwalika aje ashuhudie. Akasema alikuwa anakuja hata hivyo. Wivu haumwachi mtu alale.

Jumapili, 10 Machi

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alivaa nguo yake ya kutokea, akakaa mstari wa mbele. Fundi Saa alikuja amekumbatia boksi lake jipya ndani ya kitambaa safi. Nilimcheka kimoyomoyo.

Mthamini ni mama mmoja mwenye glavu nyeupe. Akalinyanyua boksi langu. Akalinusa. Akauliza kama kuna tangawizi. Nikamjibu hapana mama, ni iliki tu.

Akavua miwani. Akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba mchezo huu si wa kale. Ulitengenezwa miaka michache iliyopita na vijana wanaopenda mtindo wa zamani, wakaufanya ufanane nao kwa makusudi. Maboksi yalichapwa machache, ndiyo maana watu wanayatafuta. Lakini wanayataka safi, nailoni haijaguswa, na mwaka usomeke, maana ndio unaoonyesha kuwa ni toleo la kwanza. Langu, alisema, lina thamani ya pakiti moja ya majani ya chai. Watu wakacheka. Mama wa watu hakuwa na nia mbaya.

Kisha akalishika la Fundi Saa. Pikipiki. Na chenji!

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikapiga na mimi, tena kuliko wote, kwa sababu nani aliligundua? Nikasimama nikawaambia. Fundi Saa akakubali mbele za watu kwamba ni kweli, nilimpa mimi, akanishukuru, akauliza kama nina jingine la kumpa.

Imeniuma. Imeniuma sana. Sikuwa na pa kutazama, nikatazama viatu vyangu. Mke wangu alinishika mkono njia nzima. Hakucheka hata kidogo mpaka tulipofika mlangoni.

Jumatatu, 11 Machi

Cherehani imeingia. Mke wangu anashona huku anaimba, na mwanga wa dirisha unamwangukia vizuri, lazima niseme. Makumbusho yako koridoni. Nimejigonga kidole cha mguu kwenye kandili.

Nimetafakari sana. Katika mji huu mzima, ni mtu mmoja tu aliyeuona mwokaji yule kwenye takataka. Thamani niliipatia kabisa. Niliteleza kwenye matunzo tu.

Jumatano, 13 Machi

Nimejifunza! Siri yote ni nailoni. Kitu cha thamani kifungwe kabla mkono wa mtu haujakigusa. Jana nilikuja na bunda zima la nailoni kutoka dukani.

Asubuhi mke wangu alitoka kununua zipu. Nikaingia chumbani. Pale kwenye hanga, gauni la bluu la mteja, limedariziwa kwa mkono. Hakuna jingine duniani. Toleo la kwanza! Na halijavaliwa hata siku moja! Nikalifunga nailoni, nikaziba kingo kwa pasi. Kazi safi, hata hewa haipiti.

Mteja akaja kulichukua. Ana sherehe leo mchana. Nikamwomba kwa heshima zote asilivae. Nikamwahidi kwamba miaka thelathini ijayo atakuja kunishukuru na wajukuu zake. Akavuta upande mmoja. Nikavuta wa pili. Mimi nilikuwa karibu zaidi na mlango wa chumba.

Naandika nikiwa ndani ya chumba kidogo, nimejifungia na gauni. Nje wanagonga mteja na mke wangu. Wameshamwita Fundi Saa aje afungue kitasa, na nasikia ameleta bisibisi za saa, ambazo ni kama njiti za meno, kwa hiyo nina muda. Mke wangu ananiita kwa ile sauti ya siku ya chai.

Wacha wagonge. Gauni halina hata mkunjo. Na chumba, ukitazama vizuri, nimekirudisha.